Kitabu cha Ruwaza 23 na Programu ya Dagaa: Tathmini kutoka Kigoma

Kwa miaka mitatu sasa kitabu cha Design Patterns: Elements of Reusable Object-Oriented Software kimekaa juu ya meza yangu ya kazi hapa Mwanga, mjini Kigoma, na kurasa zake za katikati zimeanza kuchomoka. Nilikipata kwa ndugu yangu, ambaye alikinunua Dar es Salaam kikiwa kimetumika, akanitumia kwa treni ya Reli ya Kati ndani ya kifurushi kimoja na viatu vya watoto. Naandika tathmini hii kwa ajili ya vijana wanaojifunza kutengeneza programu, hasa walio mbali na miji mikubwa, ambao huniuliza mara kwa mara kama kitabu kilichotoka mwaka 1994 kinafaa kununuliwa leo. Jibu langu ni kwamba kinafaa, ila kwa msomaji ambaye tayari ana msimbo (maandishi ya programu) wake mwenyewe unaomsumbua. Asiye nao atakikariri kama orodha ya majina, na orodha hiyo itamletea hasara, kama ilivyoniletea mimi katika mwaka wangu wa kwanza.

Waandishi wake ni Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, ambao watu wa kompyuta wamezoea kuwaita Genge la Wanne. Hawakudai kuwa wamevumbua jambo jipya. Walipitia programu zilizokuwa zikifanya kazi tayari, wakayatazama matatizo ya usanifu yanayojirudia, wakakusanya suluhisho ambazo mafundi wengi walikuwa wamezifikia kila mmoja kwa njia yake, kisha wakaipa kila suluhisho jina; suluhisho la namna hiyo lenye jina ndilo linaloitwa ruwaza. Wazo lenyewe lilitoka kwa msanifu majengo Christopher Alexander, ambaye mwaka 1977, yeye na wenzake, walichapisha ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Ruwaza za kitabu hiki ni 23: kati yake 5 zinahusu namna ya kuunda obijekti (vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na kazi zake), 7 zinahusu namna ya kuziunganisha, na 11 zinahusu namna obijekti hizo zinavyogawana kazi na kupashana habari. Wengi wetu huandika msimbo ndani ya Visual Studio Code bila kujua kwamba Gamma huyo huyo ndiye aliyeiongoza timu iliyoitengeneza.

Neno ruwaza huwatisha wanaoanza, ilhali kila mtu wa hapa anaishi na jambo lenyewe. Mwanamke akiingia kwa fundi cherehani akasema, "Nishonee solo," hana haja ya kueleza mkato, mahali pa kubana wala namna gauni litakavyoangukia chini, kwa sababu jina hilo moja limebeba mchoro mzima na fundi na mteja wake wote wanaujua. Hata hivyo, fundi hana solo moja aliyoitundika ukutani ili ainakili. Alicho nacho ni ujuzi wa namna solo inavyokatwa, kitambaa gani kinaikubali na kipi kinaikataa, na mwili wa aina gani unahitaji kuongezewa nafasi upande gani. Ruwaza ya usanifu wa programu ni vivyo hivyo. Si msimbo wa kunakili na kubandika, ni jina la mpangilio uliojaribiwa, pamoja na maarifa ya wapi unafaa na unagharimu nini. Tangu mimi na mwenzangu tunayefanya naye kazi tulipoanza kutumia majina hayo, mazungumzo yetu ya nusu saa juu ya faili moja yamekuwa ya dakika tano.

Kila ruwaza imeandikwa kwa utaratibu uleule: kusudi lake, tatizo lililoizaa, mahali inapofaa, mchoro, washiriki, matokeo, utekelezaji, mfano wa msimbo, mifumo halisi iliyoitumia, na ruwaza nyingine zinazohusiana nayo. Vijana wengi hurukia mfano wa msimbo na kuacha mengine, na mimi nilianza hivyo. Leo nikiulizwa kitabu hiki kina thamani wapi, naonyesha sehemu ya matokeo, kwa kuwa humo waandishi wanakaa na msomaji kama mzee mwaminifu na kumwambia faida atakayoipata pamoja na deni atakalolilipa. Sijaona mafunzo mengi ya mtandaoni yanayofanya hivyo. Mengi yanasifu ruwaza, yanaonyesha mistari 20 ya msimbo, kisha yanaondoka.

Nieleze programu yangu, maana bila hiyo sifa ninazozitoa hazitakuwa na uzito. Ninamhudumia mama mmoja mfanyabiashara anayenunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi, anayewakausha na kuwauza kwa wateja wa aina nyingi: wa rejareja wanaopima kwa kilo, wa jumla wanaochukua kwa gunia, wafanyabiashara wa Bujumbura wanaolipa kwa faranga ya Burundi, wa upande wa Kongo wanaolipa kwa dola, na wateja wa mkopo ambao wanachukua leo na kulipa baadaye. Fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi moja) niliyoiita kokotoa_bei ilizaliwa ikiwa na mistari 12. Kila alipokuja mteja wa aina mpya niliongeza sharti jingine ndani yake, na sharti ndani ya sharti, hadi ikafika mistari 260, na mimi mwenyewe niliyeiandika nikawa naigusa kwa hofu.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, na mama akataka shehena iliyokuwa ghalani iwe na bei ya msimu huo. Nikaongeza sharti la kupandisha bei kwa wateja wa jumla, lakini nililiweka mstari mmoja juu ya mahali lilipostahili kuwa, kwa hiyo likawapata wateja wa Bujumbura ambao tayari walikuwa wamekubaliana naye bei kwa mdomo. Alinipigia simu alfajiri. "Mwanangu, hii bei imetoka wapi? Mgeni wangu amesimama hapa na stakabadhi mkononi." Nilimwambia, "Shikamoo Mama, nakuja," na nilipofika sikuweza kumjibu, kwa kuwa ilinilazimu kuusoma msimbo mzima kutoka juu hadi chini ndipo nijue bei ile imepita njia gani.

Jioni hiyo ndipo nilipoisoma ruwaza ya Strateji kwa macho ya mtu mwenye shida. Kusudi lake ni kuzichukua kanuni zinazofanya kazi ya aina moja kwa njia tofauti, kuipa kila kanuni makazi yake, na kuzifanya ziweze kubadilishana nafasi bila anayezitumia kubadilishwa. Mfano wa kitabu unahusu programu ya kuandikia ambayo ina njia mbalimbali za kuamua mstari wa maandishi ukatwe wapi, na hauna uhusiano wowote na samaki, lakini umbo la tatizo lilikuwa lilelile langu. Nilitoa kila kanuni ya bei ndani ya ile fanksheni kubwa: bei_ya_rejareja, bei_ya_jumla, bei_ya_bujumbura, bei_ya_kongo, bei_ya_mkopo. Zote zinapokea uzito na tarehe, zote zinarudisha kiasi pamoja na sarafu yake. Kokotoa_bei ya sasa ina mistari 9, na kazi yake ni kuitafuta kanuni ya mteja aliyepo, kuikabidhi uzito na tarehe, na kupokea jibu. Mama alipoanza kuuza na migebuka, niliandika kanuni mpya ya mistari 11 na kuiandikisha katika jedwali, bila kufungua kanuni ya mteja mwingine yeyote. Bei ya mtu wa Bujumbura haiwezi tena kuguswa kwa bahati mbaya na mkono unaotengeneza bei ya mtu wa Kigoma.

Kitabu kilikuwa kimenionya juu ya gharama yake. Katika matokeo ya Strateji waandishi wanasema kwamba anayetumia kanuni hizo analazimika kujua zipo zipi na zinatofautianaje ndipo achague iliyo sahihi. Kwetu gharama hiyo ilimwangukia binti anayekaa kwenye kompyuta ghalani, ambaye sasa anapaswa kuchagua aina ya mteja kabla ya kupima mzigo. Wiki ya kwanza alichagua vibaya mara kadhaa. Niliongeza ukurasa unaomwonyesha kanuni iliyochaguliwa, kwa maneno, kabla ya stakabadhi kuchapwa, na nisingelifikiria hilo mapema kama nisingalisoma aya ile.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu lugha za programu, kwa kuwa ndilo linalowakwaza wengi. Mifano ya kitabu imeandikwa kwa C++ na Smalltalk. Katika C++ ya wakati ule, kila kanuni ya bei ingekuwa klasi yake (kiolezo cha kutengenezea obijekti) yenye kurithi kiolesura kimoja, yaani orodha ya kazi ambazo klasi inaahidi kuzifanya, na msomaji wa Python, lugha ninayoitumia mimi, akiunakili mfumo huo neno kwa neno atajikuta na klasi tano zenye kazi ya fanksheni tano. Python inakuruhusu kuishika fanksheni yenyewe, kuiweka ndani ya jedwali na kuikabidhi kwa fanksheni nyingine. Waandishi hawakuficha jambo hili: katika utangulizi wanaeleza kwamba uchaguzi wa lugha unabadilisha kile kinachostahili kuitwa ruwaza, na kwamba kama wangedhani msomaji anatumia lugha isiyo na obijekti, hata urithi ungehesabiwa kuwa ruwaza. Mwaka 1996 mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig alitoa mhadhara ulioonyesha kwamba ruwaza 16 kati ya hizo 23 huwa rahisi zaidi au hutoweka kabisa katika lugha kama Lisp na Dylan. Wapo wanaoutumia mhadhara huo kama sababu ya kukitupa kitabu. Mimi nauona kama maelezo ya namna ya kukisoma: lichukue tatizo na jina lake, chukua na matokeo, kisha ulize lugha yako inakuruhusu kulitatua kwa njia fupi kiasi gani.

Ruwaza ya Adapta sina haja ya kuieleza kwa kirefu, maana jina lenyewe kila mwenye chaja ya simu analijua. Malipo ya mama huingia kwa pesa za simu za mitandao mitatu, na kila mtandao unaleta ujumbe wenye mpangilio wake wa jina, kiasi na namba ya muamala. Kila mtandao una Adapta yake ndogo inayougeuza ujumbe kuwa umbo moja, na sehemu iliyobaki ya programu haijui kwamba mitandao iko mitatu. Mmoja wao ulipobadilisha maneno ya ujumbe wake, nilirekebisha faili moja tu.

Ruwaza ya Obzava (Observer) ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwanzoni fanksheni ya pokea_mzigo ilifanya kila kitu: iliandika mzigo kwenye hifadhidata, ikamtumia dereva ujumbe, ikapunguza hesabu ya magunia matupu, ikaongeza mstari kwenye ripoti ya mama, na mwisho ikachapa stakabadhi. Mtandao wa simu ukikatika, jambo ambalo hatulishangai, ujumbe wa dereva ulishindwa kwenda, na kwa kuwa stakabadhi ilikuwa nyuma yake katika foleni, haikuchapwa. Mvuvi aliyekesha ziwani alisimama mlangoni akisubiri karatasi yake kwa sababu ya ujumbe usiomhusu. Nilipoisoma Obzava, ambamo obijekti moja hutangaza kwamba hali yake imebadilika na wale waliojiandikisha kusikiliza hupata habari, nilielewa kwamba kosa langu lilikuwa kumfanya mpokea mzigo awajue watu wote wanaohitaji habari zake. Sasa pokea_mzigo inaandika mzigo, inachapa stakabadhi, na kutangaza. Dereva, magunia na ripoti kila mmoja anasikiliza kwa upande wake, na msikilizaji akishindwa, kosa lake linahifadhiwa ili lijaribiwe tena bila kumzuia mwingine. Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe, kwa maana Obzava peke yake haikukingi: wasikilizaji wakiitwa mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akianguka bila kushikwa, wa nyuma yake hawatasikia kitu.

Kitabu kinatahadharisha pia kwamba kwa kuwa wasikilizaji hawajuani, badiliko dogo linaweza kuzaa mfululizo wa mabadiliko ambayo chanzo chake ni vigumu kukifuatilia. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Ripoti ilipopokea habari ya mzigo ilirekebisha bakaa ya ghala, ghala nalo likatangaza badiliko lake, na tangazo hilo likairudia ripoti. Jumla ya siku ikahesabiwa mara mbili. Tangu hapo nimejiwekea sharti kwamba msikilizaji haruhusiwi kutangaza jambo jingine akiwa bado anashughulikia tangazo alilopokea.

Sasa nije kwenye hasara niliyoitaja mwanzo. Mwaka wa kwanza nilisoma kitabu kwa pupa, na ruwaza iliyoniingia haraka kuliko zote ilikuwa Singletoni, inayohakikisha kwamba klasi ina obijekti moja tu na kwamba kila mtu anaifikia kwa mlango mmoja. Ni fupi na rahisi kuandika, na humpa anayeanza hisia kwamba amekuwa fundi. Niliweka viwango vya kubadilisha fedha ndani ya Singletoni, ikawa inavisoma kutoka kwenye hifadhidata mara moja tu programu inapowashwa. Kompyuta ya ghalani haizimwi kwa siku kadhaa. Mama alibadilisha kiwango cha faranga Ijumaa jioni kupitia simu yake, nami nikaona kimebadilika kwenye hifadhidata, lakini hadi Jumanne stakabadhi ziliendelea kutoka kwa kiwango cha zamani, na magunia 14 yakauzwa kwa bei ya chini. Nilipojaribu kuandika majaribio ya msimbo ili kosa lisirudie, jaribio moja lilibadilisha kiwango na kuliachia jaribio lililofuata urithi huo, kwa hiyo majaribio yakawa yanafaulu au kushindwa kutegemea mpangilio wake.

Gamma mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 2009, miaka 15 baada ya kitabu kutoka, alisema kwamba angependelea Singletoni iondolewe, kwa kuwa karibu kila inapotumika huwa ni dalili ya usanifu wenye kasoro. Kitabu chenyewe hakina onyo hilo kwa nguvu inayostahili, na hii ndiyo kasoro kubwa ninayoiona ndani yake. Sura nyingine zinaeleza gharama kwa uaminifu, lakini sura ya Singletoni inahesabu faida na kukaa kimya juu ya ugumu wa kuujaribu msimbo na juu ya hatari ya hali inayoshikwa na kila mtu. Leo viwango vya fedha ni obijekti ya kawaida inayokabidhiwa kwa kila kanuni ya bei inayoihitaji, na kila mauzo yanaisoma upya.

Kasoro nyingine ni nyepesi zaidi. Michoro inafuata OMT, mtindo wa kuchora usanifu wa programu uliotangulia UML inayofundishwa leo, kwa hiyo aliyezoea michoro ya chuoni atahitaji siku moja mbili kuizoea. Kiingereza chake ni kigumu na hakina huruma kwa anayejifunza lugha hiyo sambamba na kompyuta. Mimi nilisoma aya nyingi mara tatu, na kwenye pambizo niliandika maana kwa Kiswahili kwa penseli. Waandishi wanakiri kwamba hawakugusa programu zinazofanya mambo mengi kwa wakati mmoja wala zilizosambaa katika kompyuta nyingi, na anayejenga mfumo wa aina hiyo atahitaji kutafuta kwingine. Iterata, ruwaza ya kupitia vitu vya orodha kimoja kimoja, haina haja ya kusomwa na mtu wa Python zaidi ya mara moja, kwa kuwa lugha imeshaimeza.

Kwa atakayekinunua, ningemshauri asianze ukurasa wa kwanza na kwenda moja kwa moja. Asome utangulizi, hasa sehemu inayosisitiza kwamba tutegemee kiolesura badala ya utekelezaji wake, na kwamba kuunganisha obijekti mara nyingi ni bora kuliko kurithi klasi. Kisha asome sura ya pili, ambamo waandishi wanasanifu programu ya kuandikia iitwayo Lexi na kuonyesha ruwaza 8 zikiingia moja moja kwa sababu ya tatizo halisi. Ni sura iliyo karibu zaidi na kazi yetu ya kila siku. Baada ya hapo afungue msimbo wake, atafute faili anayoiogopa, ndipo aende kwenye kurasa za Strateji, Adapta, Obzava, Fasadi (mlango mmoja rahisi wa kuingilia mfumo mgumu) na Kompoziti (kukishughulikia kitu kimoja na kundi la vitu kwa namna ileile). Ruwaza ya Visita, ya kuongeza kazi mpya bila kubadilisha klasi za obijekti zinazofanyiwa kazi hiyo, niliisoma mara mbili na bado sijakutana na tatizo langu linaloihitaji, kwa hiyo sijaitumia.

Ninapendekeza nakala ya karatasi, hata iliyotumika, kuliko ya kusoma kwenye simu, kwa kuwa mchoro na maelezo yake mara nyingi viko kurasa mbili tofauti na unahitaji kuvitazama kwa pamoja. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupigie picha ya ndani ya jalada la mbele, kunakoorodheshwa ruwaza zote pamoja na kurasa zake. Katika nakala yangu karatasi hiyo ilikuwa imechanwa, na nilitumia jioni nzima kuiandika upya kwa mkono.